Miaka Isiyohesabiwa

Wavuvi wa pwani yetu wana neno ambalo watu wa bara hawalijui sana, nalo ni dago. Kupiga dago ni kuhama kijiji chako kwa muda wa msimu, kuwafuata samaki waliko, na kujenga kibanda cha makuti katika ufuo wa watu wengine kwa idhini ya wenyeji wake. Kaskazi ianzapo kuvuma, mnamo mwezi wa Novemba au Desemba, bahari hutulia na vyombo hutoka. Kusi ishikapo, mnamo mwezi wa Aprili, bahari huchafuka na wavuvi hufunga nyavu zao wakarudi makwao. Hiyo ndiyo desturi. Walakini wajua, msomaji, jinsi mambo ya wanadamu yalivyo. Msimu mmoja huzaa wa pili, kibanda huezekwa upya, mvuvi huoa na kuzaa, na lile dago likawa mtaa. Ukienda Mayungu, kusini ya mji wa Malindi, utawakuta watu ambao babu zao walikuja kwa namna hiyo kutoka kisiwa cha Pemba.

Nimeanza na dago kwa sababu nataka kuzungumza nawe juu ya mtu anayekaa katika nchi kabla nchi haijamwandika. Watu wa aina hiyo ni wengi leo. Yuko aliyeomba kibali cha kukaa ugenini, akaona jibu linachelewa, akafunga mizigo yake akaenda kulingojea huko huko. Yuko aliyekwenda kwanza na kuomba baadaye. Aghalabu tunapomtaja mtu huyo twafikiri hatari yake ni moja tu, yaani kukamatwa na kurudishwa kwao. Hatari hiyo ipo, lakini si kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni ya hesabu. Siku zake zinapita kama siku za watu wengine: afanya kazi, aoa, azeeka, lakini katika daftari la serikali siku hizo hazimo.

Ili hilo likuelee, hapana budi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1895 Waingereza walipatana na Sultani wa Unguja wautawale kwa niaba yake ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, wakimlipa fedha kila mwaka. Mwaka 1920 nchi ya bara iliitwa Koloni ya Kenya, lakini ukanda huo, Malindi na Kilifi zikiwa ndani yake, ulibaki chini ya jina la Sultani, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus, Mombasa. Pemba nayo ilikuwa milki ya Sultani huyo huyo. Basi mvuvi aliyetweka tanga Pemba, akashusha nanga Malindi, alikuwa ametoka sehemu moja ya nchi ya Seyyid akaingia sehemu nyingine. Angeomba ruhusa gani, na kwa nani? Ruhusa aliyoihitaji ilikuwa ya wazee wa ufuoni, nayo aliipata.

Kisha zikaja siku chache zilizobadili kila kitu. Tarehe 8 Oktoba 1963 yalifanywa makubaliano ya kuuachia Kenya ule ukanda wa pwani. Tarehe 10 Desemba Unguja na Pemba zikapata uhuru wake. Tarehe 12 Desemba Kenya ikapata wake. Na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi Unguja, Sultani akakimbia, na watu wengi wa visiwani wakavuka bahari kwa hofu ya roho zao. Hesabu mwenyewe siku hizo kwa vidole. Katika muda wa miezi mitatu na siku chache, bahari ambayo ilikuwa uwanja wa nyumba moja ikawa mpaka baina ya dola mbili.

Katiba ya Kenya ya uhuru ilimfanya raia, papo hapo, kila aliyezaliwa Kenya iwapo mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Baadhi ya wengine waliokuwa wakiishi nchini walipewa miaka miwili, mpaka tarehe 12 Desemba 1965, waende wakaombe kuandikishwa. Tangazo la namna hiyo husomwa na watu wa mjini wenye mawakili na magazeti. Katika dago halifiki, na likifika, mvuvi husema kwamba mambo ya karatasi ni ya mabwana wakubwa. Yeye kesho ana maji ya kuwahi.

Hapa ndipo ile hesabu niliyoitaja inapoanza kuuma. Katiba tuliyo nayo sasa, ya mwaka 2010, yasema katika kifungu cha 15 kwamba mgeni aliyekaa Kenya miaka saba mfululizo kwa mujibu wa sheria aweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Yasome maneno hayo polepole: kwa mujibu wa sheria. Mtu aliyekaa miaka saba na kibali mkononi ana miaka saba. Mtu aliyekaa miaka hamsini bila kibali hana hata mmoja. Wala mtoto wake aliyezaliwa hapa hapati uraia kwa kuzaliwa tu juu ya udongo huu. Katiba hiyo humtazama mzazi, haitazami udongo. Kwa hiyo mtu asiyehesabiwa huzaa mtoto asiyehesabiwa, na mtoto huyo akikua humzaa mwingine.

Bunge liliona jambo hilo, nayo sheria ya uraia ya mwaka 2011 ikafungua mlango. Ilisema kwamba mtu asiye na uraia wa dola yoyote, ambaye amekaa Kenya bila kukatiza tangu tarehe 12 Desemba 1963, atahesabiwa kuwa alikaa kwa halali, naye aweza kuomba kuandikishwa. Ni sheria ya huruma, nami naisifu. Lakini itazame kwa jicho la mvuvi. Mvuvi wa dago ni nani, kama si mtu wa kwenda na kurudi? Akatize asikatize, nani aliandika safari zake, naye alikuwa akienda Pemba kuzika mama na kurudi na pepo?

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha darasa la nane katika shule ya msingi iliyo karibu na bahari, na ilikuwa miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja wa Kipemba, mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akiwaacha wenzake mbali katika hesabu. Ulipofika wakati wa kuandikisha watahiniwa, kila mtoto alitakiwa alete cheti cha kuzaliwa. Yeye hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga, na ofisi waliyokwenda wazazi wake iliuliza kwanza kitambulisho cha baba. Baba naye alizaliwa Mayungu, lakini hakuwa na kitambulisho, kwa kuwa babu hakuwa nacho.

Yule babu alikuja shuleni siku ya pili yake. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, amevaa kikoi na kofia ya kiua iliyofifia kwa jua na chumvi. Nilimwamkia, naye akaitikia, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akaanza kunieleza habari zake bila kuulizwa, kama mtu aliyezoea kuulizwa.

"Mwalimu," alisema, "baba yangu alinileta hapa kwa kaskazi, nikiwa mtoto wa kuteka maji chomboni. Bendera ilikuwa ya Seyyid kule, na ya Seyyid huku. Ndugu yangu mdogo alibaki na mama. Yeye alikuja baada ya yale mambo, usiku, mwezi wa Februari. Sasa wanatuambia kwamba mimi huenda nikawa mtu wa hapa, lakini ndugu yangu, tumbo moja, kachelewa."

Kachelewa kwa miezi miwili. Nilitazama mikono yake, ambayo mishipi ya miaka sitini ilikuwa imeitia makovu vidoleni, nikawaza ni ushahidi gani mwingine mtu angeutaka. Lakini mikono haiwekwi katika faili.

Nilimwuliza waliwezaje kuvua miaka yote hiyo bila karatasi, maana chombo huandikishwa na mvuvi huwa na leseni. Mzee akatabasamu. Akanifahamisha jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Katika uvuvi, alisema, pato hugawanywa kwa mafungu: liko fungu la chombo, liko fungu la nyavu, na yako mafungu ya mabaharia. Wao waliongeza moja, wakaliita fungu la jina. Mashua aliinunua yeye kwa fedha zake, lakini iliandikwa kwa jina la jirani yake mwenye kitambulisho, na kila jioni jirani alipata sehemu yake, hata kama hakulowesha mguu. Simu ya babu ilikuwa kwa jina la jirani. Fedha zake za M-Pesa zilipitia kwa jirani. "Ni mtu mwema," alisema, "hajanidhulumu." Kisha baada ya kimya kidogo akaongeza: "Lakini siku akitaka kunidhulumu, nitakwenda kwa nani?"

Msomaji, twajua sote ule msemo usemao kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walipewa, wakalima baharini, wakawalisha watu wa Malindi na Kilifi samaki kwa vizazi vitatu. Jina ndilo hawakupewa.

Shauri la mtoto lilimalizika kwa njia ile ile ya mashua. Jirani, ambaye jina lake alilikodisha kwa chombo, aliliazima bure kwa mtoto. Baada ya majuma machache kilikuja cheti cha kuzaliwa kilichosema kwamba msichana yule ni binti wa jirani. Alifanya mtihani, akapita vizuri, akaenda sekondari na jina hilo. Najua wako watakaosema kwamba uwongo ni uwongo. Nami nasema vivyo hivyo. Lakini napenda mtu asemaye hivyo anieleze pia yule mzee angefanya nini, na mtoto ana miaka kumi na minne, na mtihani haungojei bunge.

Sasa nageuka kwako wewe, maana nadhani siku moja utasafiri. Vijana wengi wa Malindi, Mambrui na Kilifi wanakwenda Uarabuni kutafuta kazi, na wengine wanaota Ulaya. Hali yako si ile ya mzee. Yeye hakuutangulia mpaka. Mpaka ulikuja ukamkuta. Ndugu yake naye alikimbia kuokoa roho, na mtu akimbiaye hangojei muhuri. Hata Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 31, wazikataza serikali zisimwadhibu mkimbizi atokaye moja kwa moja mahali pa hatari kwa kosa la kuingia bila ruhusa, mradi ajitokeze upesi kwa wakuu na kueleza sababu. Bali wewe utakuwa mtu mwenye hiari, nawe waweza kuuliza kabla ya kuondoka.

Utaambiwa na mawakala, "Nenda kwa viza ya matembezi, kibali cha kazi utakifanyia huko huko." Pengine maneno hayo ni kweli siku yanaposemwa. Lakini sheria ya ugenini si mali yako wala ya wakala, nayo hugeuka bila kukuuliza. Mwisho wa Oktoba 2023 Polisi ya Oman ilitangaza kusimamisha desturi ya kugeuza viza za matembezi kuwa za kazi. Mfikirie mtu aliyeshuka Maskati juma moja kabla ya tangazo hilo, baada ya kukopa nauli. Hakuvunja sheria yoyote alipopanda ndege. Alitegemea tu jambo ambalo lilikuwa bado halijawa.

Mambo ya namna hiyo si mapya kwetu. Mwaka 1967 Kenya ilipopitisha sheria ya uhamiaji iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, Wahindi wengi waliokuwa na paspoti za Kiingereza walianza kuondoka. Habari zilipoenea kwamba Uingereza nayo yataka kufunga mlango, ndege zikajaa. Watu waliuza maduka kwa bei ya kutupa wapate kuwahi. Sheria ya Uingereza ilipitishwa kwa siku chache tu, ikaanza Machi 1968. Baadhi ya waliochelewa walirushwa huku na huku baina ya viwanja vya ndege, na paspoti mikononi zenye taji la malkia.

Nami nitakwambia jambo jingine ambalo huonekana wazi hapa Malindi. Wako wageni wa Kizungu, hasa Wataliano, waliojenga nyumba nzuri zenye bustani, na wengine wao hukaa kwa pasi ya matembezi huku wakingojea kibali cha kukaa. Pasi hiyo haimruhusu mtu kufanya kazi, nao wengi hawana haja ya kazi, wanaishi kwa akiba au pensheni. Nao pia wanangoja. Lakini kungoja si kumoja. Anayengoja akiwa na paspoti ya nchi yake mfukoni, akikataliwa hupanda ndege akarudi alikotoka. Mzee wangu akikataliwa angerudi wapi? Pemba hakuna daftari lenye jina lake, na watu waliomjua wote wamekwisha kufa. Basi ukitaka kujua uzito wa kungoja kwa mtu, usimwulize amengoja muda gani. Mwulize akinyimwa atalala wapi.

Kwa hiyo ukiondoka, fahamu jina la karatasi uliyo nayo, inaruhusu nini na inakwisha lini. Uliza kama siku za kungoja zinahesabiwa au hazihesabiwi. Weka kila risiti, kila barua, kila tikiti. Mtu asiyeandikwa na serikali hana budi kujiandika mwenyewe. Na usiazime jina la mtu. Nasema hili la mwisho bila kumlaumu yeyote, kwa sababu nimeona deni lake linavyolipwa, na anayelilipa.

Mambo ya watu wasio na uraia yalianza kubadilika nchini petu kwa shida. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, walifunga safari mwezi wa Oktoba 2016 kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, wengine wakitembea kwa miguu, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Washona, ambao asili yao ni Zimbabwe, walitambuliwa Desemba 2020. Wapemba, ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliwakadiria kufika 7,000, waliendelea kupeleka maombi yao. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Rais William Ruto alitoa tangazo lililowatambua kuwa jamii mojawapo ya Kenya, na mwezi wa Julai mwaka huo, mjini Kilifi, hati zikaanza kugawanywa.

Yule mzee aliipata yake. Nilimwona nayo; ameitia katika mfuko wa nailoni, na mfuko katika kibweta, kama mtu anayeogopa maji yasiifuate nchi kavu. Mashua sasa ni yake kwa jina, na fungu la jina limekwisha, ingawa kila akipata samaki mkubwa bado humpelekea jirani. Ndugu yake hakuwahi. Alikufa miaka minne kabla ya tangazo, akazikwa ufuoni.

Msichana naye alipata kitambulisho, na ndani yake limo jina la baba yake wa kweli. Lakini cheti chake cha darasa la nane na cheti cha kidato cha nne vina jina la jirani. Alipotaka kuingia chuo cha uuguzi, karani wa kwanza alimwambia kwamba karatasi hizi ni za watu wawili. Ofisi ya pili ilimtaka alete kiapo cha wakili. Ofisi ya tatu ilisema kiapo hakitoshi, na kwamba jina lililoko kwenye cheti cha mtihani halibadilishwi kwa sababu baba amebadilika. Kubadilika kwa baba! Na baba yuko pale nje, amekaa kivulini, ana kitambulisho kipya mkononi.

Akanijia nimwandikie barua. Niliiandika kwa uangalifu, nikaeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, kwamba nilimfundisha hesabu tangu Januari 2015 hata Novemba 2016, na kwamba baba yake, babu yake na jirani yao nawafahamu kwa sura. Nikatia saini, na mwalimu mkuu akapiga muhuri wa shule. Tulikwenda naye mpaka dirishani. Karani aliisoma barua yote, akaigeuza kutazama nyuma yake, kisha akauliza kama tunayo karatasi nyingine.